Santuri Iliyovuka Ua

Jumamosi, tarehe 18 Septemba 2021, saa nane kasoro robo mchana, katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya Zarmina huko Quakers Hill, walikuwapo watu kumi na mmoja: bibi harusi na bwana harusi, mama wa bibi harusi na kaka yake, wazazi wawili wa bwana harusi na dada yake, shehe wa kufungisha ndoa, mashahidi wawili, na mpiga picha. Sheria ya korona ya majuma yale ilikata hesabu papo hapo. Wa kumi na mbili angeivunja sheria, na sheria ikivunjika harusi nayo ingevunjika.

Wa kumi na mbili alikuwapo, ila hakuwa uwanjani. Alikuwa kwake, upande wa pili wa ua wa mabati, amesimama juu ya kreti mbili za maziwa, kichwa na mabega vikionekana juu ya ua kama mhubiri mimbarini. Alivaa suti ya rangi ya maziwa, viatu vyeusi vinavyong'aa na barakoa yenye rangi ya suti. Nyuma yake zilisimama spika mbili ndefu kumpita, zikiwa zimegeuzwa nyuso kwa jirani. Huyo ndiye Wilondja.

Wilondja alizaliwa Uvira, penye kichwa cha Ziwa Tanganyika, miaka sitini na mmoja iliyotangulia siku hiyo, na tangu ujana wake alikuwa na kazi moja moyoni hata alipokuwa na nyingine mikononi. Kwao alikuwa na kibanda cha kurekodia kaseti. Mteja alileta kaseti tupu asubuhi, akataja nyimbo azitakazo, akaipitia jioni. Sasa, kila Mkongo ajua kwamba rumba huanza kwa upole, mwimbaji akibembeleza ubeti kwa ubeti, na kwamba baadaye ndipo magitaa yafungukapo mbio na watu wakaacha viti vyao. Hiyo ndiyo sebene. Wilondja alitambua mapema kwamba wateja wake hawakuwa na subira ya kubembelezwa. Akaanza kuwatengenezea kaseti za sebene tupu, mianzo yote imekatwa, mbio zimeungwa kwa mbio pasipo mwanya hata wa kumeza mate. Watu wakampa jina la Mtoa Mifupa, kwa kuwa samaki wake alikuwa nyama tupu.

Vita vikamtoa Uvira, kambi ya Nyarugusu ikamweka miaka kumi na mitatu, na mwaka 2010 akashuka Sydney na mkewe Généreuse na mtoto wao Christian. Siku za kazi akawa mpanga mizigo katika ghala moja la Seven Hills. Jumamosi akawa dijei wa harusi na ubatizo wa Wakongo na Warundi wa Blacktown na vitongoji vyake. Jina la Mtoa Mifupa lilivuka bahari pamoja naye. Ilisemwa kwamba katika karamu yake hapana mtu aliyewahi kukaa muda wa kutosha kumaliza soda.

Ndipo ikaja korona, kumbi zikafungwa, na spika zikahamia gereji, zikafunikwa shuka. Généreuse, ambaye ni mhudumu katika nyumba ya wazee, hakukawia kuzipatia kazi nyingine: alianika sare zake juu yake siku za mvua.

"Baba Christian," alimwuliza mara kwa mara, "hawa wafu wako wawili tutawazika lini?"

"Hawajafa. Wamelala."

"Mwaka mmoja na nusu? Huo si usingizi, huo ni urithi."

Kwa Wilondja kejeli ya mke ni kama mvua ya Sydney: ukiingojea kidogo inapita. Lakini ilimchoma. Mtu aliyezoea kuinua watu mia tatu kwa kidole kimoja si rahisi kuridhika na kuinua makatoni.

Juma moja kabla ya harusi, Zarmina alimwita penye ua. Walikuwa majirani kwa miaka minane. Katika muda huo chapati zake zilizojazwa viazi na majani ya vitunguu zilikuwa zimeuvuka ua mara nyingi kwenda, na sombe ya Généreuse, yaani kisamvu, ilikuwa imeuvuka mara nyingi kurudi. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja Kiingereza chake, na wakaelewana vizuri kuliko wengi waliosoma kimoja.

"Kaka," alisema Zarmina, "Marjan wangu anaolewa Jumamosi. Mpiga muziki wetu anakaa mbali, hawezi kuvuka mipaka. Na hata angevuka, angekuwa wa kumi na mbili."

"Pole, Mama Farid. Basi na mimi si nitakuwa wa kumi na mbili vilevile?"

"Wewe huji. Wewe uko kwako."

Wilondja alitazama ua, akatazama gereji, akaangua kicheko hata ndege mmoja mweusi-mweupe, mwenye kutaga juu ya mti wa jirani na kuchukia kila kitu kipitacho chini yake majira yale, akamshukia kichwani. Alimkwepa bila kuacha kucheka.

"Mama Farid, ulipaswa uwe wakili."

Akampa santuri moja ya sidii, aliyokwisha kuifuta kwa dawa ya mikono pande zote mbili. Ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo kumi na nane za Kiafghani, za asili na za kupendwa: za wachunga kondoo wa milimani, za harusi za mabondeni, na zile zilizokuwa zikivuma redioni Kabul enzi za suruali pana. Juu ya jalada palikuwa na picha ya mzee amekumbatia rubabu, zeze fupi nene lililochongwa kwa mti wa mforosadi na kuwambwa ngozi ya mbuzi.

"Namba mbili, Marjan anatoka ndani," Zarmina alieleza. "Namba kumi na moja, wanafunikwa shela wakitazamana kwenye kioo. Nyingine panga upendavyo. Ila namba saba ni ya mama yangu."

"Yeye naye atakuja?"

"Mama yuko Kabul. Yeye ndiye aliyemlea Marjan mpaka miaka tisa, wakati mimi na Farid tulipokuwa njiani tukitafuta nchi. Katika harusi hii ameomba kitu kimoja tu: aisikie namba saba akiwa na Marjan. Kule sasa hathubutu kuipiga. Tangu watawala wapya walipoingia Agosti, watu wamezima redio zao wenyewe, hata kabla hawajaambiwa. Atakuwa kwenye simu ya mpwa wangu kwa nusu saa. Baada ya hapo kijana anaondoka na simu yake kwenda kupanga foleni benki. Nusu saa hiyo ikipita, sijui tena ni lini."

Wilondja aliweka kiganja kifuani.

"Ataisikia, Mama Farid. Nenda kalale."

Naye alikusudia hivyo hasa. Kuanzia kesho yake aliisikiliza santuri garini, asubuhi akienda Seven Hills na jioni akirudi, maana gari lao lilikuwa la zamani, lenye mdomo wa kumeza sidii. Nyimbo za kupendwa zilimwingia upesi. Siku ya pili alikuwa akizipigia mluzi katikati ya makatoni. Lakini namba saba ilimtatiza. Haikuwa na mwimbaji. Rubabu iliguswa mara moja, ikanyamaza. Ikaguswa tena, ikapanda ngazi mbili, ikashuka moja, ikatulia kama mtu aliyesahau alilofuata chumbani. Alipita stesheni ya Marayong, rubabu ingali vilevile. Alipokaribia Blacktown ndipo ngoma mbili ndogo zilipoingia, na papo hapo wimbo ukashika moto ambao hata Uvira wangeukubali.

"Kumbe!" alisema peke yake. "Muda wote ule jamaa alikuwa akikaza nyuzi!"

Akawahurumia wachapaji waliosahau kuyaondoa maandalizi ya fundi. Jioni ya Alhamisi aliinakili santuri nzima katika kompyuta, akairudisha garini, kisha akafanya alilolijua kuliko wote: akakata. Kila wimbo uliochelewa aliutoa mifupa. Namba saba ndiyo aliyoishughulikia kwa upendo mkubwa kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa ya mama mtu mzima na muda wake ulikuwa mfupi. Akaikata mpaka kwenye ngoma ya kwanza. Wala hakuhifadhi vipande vilivyokatwa. Tangu enzi za kaseti, kilichokatwa kilikuwa kimekatwa.

Généreuse alisimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Ulimwuliza?"

"Nimwulize nini?"

"Kama anataka zikatwe."

"Mama Christian, umewahi kumwuliza mgeni kama anataka mifupa?"

"Wako watu," akasema Généreuse, "ambao kwao utamu wa samaki ni kichwa."

Wilondja aliichukua kauli hiyo kuwa kejeli nyingine, akaiacha ipite.

Siku yenyewe ilianza vema. Namba mbili ilimtoa Marjan ndani, gauni la kijani limebeba jua lote la uwanja, hatua moja na nyingine, na Wilondja, mwenye jicho la kazi yake, aliupunguza na kuukuza muziki kwa mwendo wa miguu yake hata mama wa bwana harusi akageuka kuangalia ni nani huyo mwenye adabu. Shehe alimaliza kazi yake. Namba kumi na moja iliwafunika shela Marjan na Idris, mumewe, wakatazamana kiooni, wakacheka. Wilondja alijiona amerudi duniani.

Saa nane kamili simu ya Farid ikalia. Alikuwa bibi yao, Bi Humaira, kutoka Kabul: uso mdogo ndani ya mtandio mweupe, nyuzi za simu masikioni. Marjan aliishika simu kwa mikono miwili. Wakasalimiana, wakalia kidogo, wakacheka, bibi akaonyeshwa gauni, shela, shehe, keki. Nusu saa ikaanza kuliwa. Zarmina alimwinulia Wilondja mkono: sasa.

Wilondja akaifungua namba saba.

Ngoma zikaingia kwa kishindo, rubabu ikitimua vumbi juu yake. Akangoja watu wainuke. Hakuinuka mtu. Waliokuwa wamesimama walibaki wima, waliokaa wakabaki vitini, na Marjan akainua uso kuelekea uani kama mtoto aliyenyang'anywa kitu na asiyejua amlaumu nani. Simuni, sauti ya Bi Humaira iliuliza jambo. Farid alitabasamu kwa haya, kisha tabasamu likamtoka.

"Bibi anasemaje?" Wilondja aliita kwa kupaza sauti.

"Anauliza," alijibu Farid, "mbona ngoma imekwisha kulia? Mtoto ameshatoka?"

Wilondja hakuelewa, lakini aliuzima muziki. Zarmina alikuwa amefika penye ua.

"Kaka, mwanzo wake uko wapi?"

"Nimeutoa."

"Umeutoa, ukaupeleka wapi?"

"Mama Farid, ule haukuwa wimbo. Jamaa alikuwa anakaza nyuzi."

Zarmina alifumba macho kwa nukta moja, kama mtu amezaye dawa chungu.

"Sikiliza. Kila asubuhi redio ilikuwa ikiupiga ule, na mama alikuwa akimchana Marjan nywele. Rubabu ikiwa peke yake, mtoto yuko magotini mwake. Ngoma ikilia, nywele ziwe zimekwisha, maana ndiyo saa ya kukimbilia shule. Mama hataki ngoma, kaka. Ngoma ni mlango unafungwa. Anautaka ule ulioutoa."

Wilondja aliigeukia kompyuta yake kwa haraka hata kreti zikatikisika.

"Urudishe," akasema Zarmina.

"Haupo. Nimeufuta."

"Sidii je?"

"Imo garini."

"Na gari?"

Mbele ya nyumba, injini ikawaka. Généreuse alikuwa akienda zamu yake ya saa tisa.

Hapo ndipo kumi na moja waliokuwa uwanjani walipoona kichwa cha mpiga muziki wao kikitoweka, wakasikia kreti zikianguka na viatu vya kung'aa vikipiga mbio juu ya saruji.

"Mama Christian! Simama! Usitoke!"

"Nitachelewa, Baba Christian. Wazee hawajilishi wenyewe."

"Rudisha gari nyuma! Pitisha ubavuni, mpaka kwenye ua!"

Généreuse aliitazama suti ya rangi ya maziwa, iliyokwisha kupata doa la nyasi, akamtazama na aliyeivaa.

"Ni ile ya mwanzo, siyo?"

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kama ulimwuliza."

"Unikemee baadaye. Unikemee mpaka Krismasi. Sasa endesha!"

Généreuse alikunja kioo cha pembeni, akalipitisha gari kinyumenyume kati ya ukuta na ua, katika nafasi ambayo siku nyingine angekataa kuipitisha baiskeli, akaliegesha pale Wilondja alipokuwa amesimama. Wakafungua milango yote minne. Upande wa pili Zarmina alikwisha kumpandisha Marjan juu ya kiti, na simu ikapitishwa juu ya ua. Wilondja, kwa mazoea ya miezi ile, aliipulizia dawa kabla ya kuipokea, na Bi Humaira akaonekana kukunja uso kwenye mvua hiyo ya ghafla. Akamweka mbele ya usukani, ameegemea kioo, akitazama juu alipo mjukuu wake. Farid alisema zimebaki dakika chache. Nyuma ya Marjan wengine wote walikuwa wamesogea karibu na ua, wameachana nafasi kama sheria ilivyotaka, au karibu na hivyo.

"Namba saba," alinong'ona Wilondja.

"Naijua namba saba," alisema Généreuse. "Wiki nzima umenichosha nayo." Akabonyeza.

Rubabu ikaguswa mara moja, ikanyamaza.

Katika maisha yake yote Wilondja hakuwa amewahi kuvumilia kimya kirefu namna ile mbele ya watu. Vidole vyake vilitafuta kitu cha kubonyeza, visipate, vikashika mlango wa gari. Spika za gari zilikuwa ndogo kama visosi, na kwa hiyo kila mtu alilazimika kuzuia pumzi ili asikie. Rubabu ikapanda ngazi mbili, ikashuka moja. Ndani ya simu mkono wa Bi Humaira uliinuka, ukashuka polepole mbele ya uso wake. Ukainuka tena, ukashuka. Marjan aliinamisha kichwa juu ya ua, shela, vibanio, maua na vyote, akakiacha hapo. Kizee kilichana hewa ya Kabul, na msichana juu ya kiti huko Quakers Hill alikuwa akiyumbisha shingo kidogo kila mkono uliposhuka, kama mtu ambaye nywele zake zina fundo.

Wilondja akasikia sasa yale ambayo njia nzima ya Blacktown hakuyasikia: jamaa hakuwa akikaza nyuzi. Alikuwa akichelewa makusudi.

Idris alitaka kumshika mkewe asianguke kitini. Mama yake akamvuta kwa mkono wa shati. Généreuse, ambaye kazini huwachana wazee kila asubuhi, aliangalia saa yake mara moja, akaigeuza mkononi isimwone.

Kisha ngoma ikalia. Mkono wa Bi Humaira ukapiga hewa kofi dogo, kofi la nenda-utachelewa, na Marjan akainua kichwa akicheka na kulia kwa pamoja. Bibi akasema maneno marefu, na Marjan akayajibu neno moja moja. Mwishoni bibi akaongeza jambo lililomfanya Farid acheke kwa sauti.

"Anauliza mpiga muziki ana umri gani."

"Sitini na mmoja," alisema Wilondja, akiinama mbele ya usukani ili aonekane, barakoa imemshuka kidevuni. "Na ninaomba radhi, mama."

Farid alitafsiri, akasikiliza, akatafsiri tena.

"Anasema sitini na mmoja bado anafundishika. Na anasema huyo mama anayeendesha gari, yeye hana haja ya kufundishwa."

"Mwambie nimemsikia," alisema Généreuse. "Na mwambie arudie, kwa maana huyu hakusikia vizuri."

Lakini sauti ya mwanamume ilisikika kule, yenye haraka na heshima, picha ikatikisika ikaonyesha dari, na simu ikakatika. Namba saba ilikuwa ingali ikikimbia. Waliiacha imalizike.

Généreuse akaondoka na gari, na santuri ikaondoka tumboni mwa gari. Wilondja akajikuta juu ya kreti zake na nyimbo zile alizozikata, hana nyingine. Akauinamia ua, akamwambia Zarmina kwamba zilizobaki zote hazina vichwa, na kwamba kama ataka azime, atazima.

Baba wa bwana harusi, mtu mwenye tumbo na masharubu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema la maana, ndiye aliyejibu.

"Usizime! Nina goti bovu, ndugu yangu. Mimi mianzo hiyo hunichosha hata kabla sijaanza kucheza. Nipe ngoma!"

Wilondja akampa. Masharubu yakaingia katikati ya majani, mikono juu, goti bovu likasahauliwa. Mashahidi wakamfuata, shehe akapiga makofi kwa kiasi kilichomfaa, na mpiga picha akaweka kamera chini. Walizunguka duara wakageuka, wakazunguka wakageuka, wakibakiza nafasi kati yao. Ndege mweusi-mweupe aliwashukia mara mbili, kisha akakata tamaa. Wilondja alizipiga zote zilizosalia isipokuwa namba saba. Zarmina alipomkumbusha kwamba bado ilikuwamo kwenye kompyuta, alisema hapana, ile ilikwisha kupigwa.

Saa kumi na moja jioni waliondoka bwana harusi na bibi harusi, kisha wazazi na dada, kisha shehe na mashahidi, na mwisho mpiga picha, aliyerudi mara moja kuchukua kamera yake. Katika uwanja wa Zarmina walibaki wawili, yeye na Farid, wakikunja meza. Upande wa pili wa ua alibaki mmoja, akizungushia nyaya mkononi.